Kuongeza moto hakuchanganyi kila metali

Wenye maboti wanaotuletea vyuma chakavu hapa Kigoma ili tuwasubie bushi za shafti, yaani pete za metali ambamo shafti huzunguka, wana kauli moja ambayo nimechoka kuisikia: "Fundi, ongeza moto tu, vitachanganyika."

Kuyeyuka ni jambo moja na kuchanganyika ni jingine. Pistoni kuukuu ni za alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na vizito vya nyavu ni vya risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu. Lakini ukivitia katika chungu kimoja na kupandisha joto hadi kupita nyuzijoto 1,000, utapata vimiminika viwili, risasi ikiwa chini kwa sababu uzito wake ni zaidi ya mara nne ya ule wa alumini. Ukate mkuo uliopoa kwa msumeno, nawe utauona mpaka wenyewe: juu metali nyepesi inayong'aa, chini tabaka la kijivu linalochubuka kwa ukucha. Kukoroga hutawanya matone ya risasi kwa muda mfupi, kisha yanazama tena kabla alumini haijaganda. Kilichopatikana ni mkaa ulioteketea na moshi wa risasi, ambao ni sumu, na anayeyeyusha risasi uani penye watoto mimi sina la kumsikiliza.

Naam, zipo jozi za metali zinazotii moto. Shaba na risasi huwa kimiminika kimoja joto likitosha, ila risasi hujitenga shaba inapoganda. Mchanganyiko ukipozwa haraka, hubaki vitone vidogo vilivyoenea kote. Kwa hiyo si kweli kwamba metali zisizochanganyika hazifai pamoja, kwani vitone hivyo ndivyo vinavyoteleza kwenye shafti mafuta yanapopungua.

Wapo pia wanaodhani kwamba bila kuyeyusha vyote hakuna kinachoundwa. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzijoto 3,422, ilhali shaba huchemka kwenye 2,562, kwa hiyo haziwezi kuyeyushwa pamoja. Viwandani unga wa tungsteni hushindiliwa na kuokwa, kisha shaba iliyoyeyuka hupenya kwenye vinyweleo vyake, na hivyo ndivyo vinavyotengenezwa vigusio vya swichi kubwa za umeme.

Na anayelalamika kwamba risasi tupu imebanduka kwenye chuma alichokisugua vizuri asiilaumu mikono yake: risasi haishikamani na chuma. Lehemu hushika kwa sababu ina bati, ambalo huungana na chuma na kufanya utando mwembamba kati yao.