Jongoo bahari si jongoo: jeni na makundi makuu ya wanyama

Jina humponza mtu. Jongoo bahari ukimshika ni laini, amejivuta kama jongoo wa shambani, lakini hawana undugu wa karibu. Nduguye ni kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Tena katika kiinitete chake tundu la kwanza huwa njia ya haja kubwa, mdomo hutoboka baadaye, sawa na kwetu sisi binadamu. Ndiyo maana wanasayansi hutazama ukuaji, na siku hizi jeni, wanapopanga wanyama katika faila, yaani makundi yao makuu. Hapo napo dhana potofu zimejaa.

Dhana: Kila faila ina jeni zake za kujengea mwili.
Jeni nyingi za kazi hiyo ni urithi wa pamoja. Mwaka 1995, kikundi cha mwanabiolojia Walter Gehring huko Basel, Uswisi, kiliiwasha jeni ya jicho ya panya kwenye mguu wa nzi wa matunda. Likaota jicho, tena jicho la nzi! Amri ilitoka kwa panya, ujenzi ukabaki wa nzi.

Dhana: Imethibitishwa kwamba faila hutambulika kwa jeni zinazowaka, yaani zinazofanya kazi, katikati ya ukuaji.
Lilipendekezwa hivyo mwaka 2016, na timu ya mwanabiolojia Itai Yanai, katika jarida la kisayansi la Nature. Walilinganisha viinitete vya spishi 10, kila moja ya faila yake, wakasema tofauti za jeni zinazowaka huwa kubwa zaidi katikati ya ukuaji. Ni wazo la kijasiri, nami nalipenda. Ila spishi moja haiwezi kusimama badala ya faila nzima: nzi hawezi kuwasemea kaa, nge na vipepeo. Hesabu nayo ina shida. Ukizilinganisha mbili mbili, spishi 10 hutoa jozi 45, na kila spishi inajirudia katika jozi 9, kwa hiyo mmoja akiwa wa ajabu anazivuta zote tisa. Mwaka 2018 mwanabiolojia Casey Dunn na wenzake walizipitia upya data hizo kwa kuzingatia mti wa ukoo, na ushahidi haukusimama.

Dhana: Mipaka ya faila imewekwa na maumbile.
Maumbile yana ukoo tu. Mipaka tunachora sisi, na hufutwa. Minyoo mikubwa ya chemchemi za moto za kilindini, ambayo ikikomaa haina mdomo wala utumbo, iliwahi kupewa faila yake. Leo imerudishwa kwa ndugu zake, nyungunyungu na ruba.