Ubora wa kiyeyushi: kwa nini mlenda huvutika

Mpishi wa Tabora akiinua mwiko kwenye sufuria ya mlenda, uzi mwembamba wa ute huufuata, ukaning'inia kidogo ndipo ukakatika. Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa kuielezea dhana ya ubora wa kiyeyushi, yaani jinsi kimiminika, kama maji, kinavyopatana na kitu kilichoyeyuka ndani yake.

Ute wa mlenda au bamia ni maji yenye polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo. Majini mnyororo haunyooki, hujiviringa kama uzi uliovurugika. Kiyeyushi kikiwa kizuri, mnyororo hupenda kugusana nacho kuliko kujigusa wenyewe, hivyo hutanuka. Kikiwa kibaya, hujikusanya ukawa kidonge. Katikati ipo hali ya theta, ambapo kuvutana na kusukumana hufutana. Polistaireni (aina ya plastiki) ndani ya saikloheksani (kimiminika cha maabara) huifikia kwenye nyuzi 34.5 za Selsiasi hivi. Aliyeieleza hali hiyo, mkemia Paul Flory, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1974.

Mnyororo uliotanuka huburuta maji mengi, kwa hiyo mnato hupanda hata kama polima ni ile ile na kiasi ni kile kile. Tena huchelewa kurudi kwenye umbo lake ukishavutwa. Katika ute mwepesi, kipenyo cha mnyororo uliojiviringa kikiongezeka mara 2, muda wa kurudi huongezeka mara 8 hivi, kwa sababu muda huo huendana na ujazo. Ndiyo maana uzi wa mlenda hudumu hewani ilhali ule wa maji matupu hukatika papo hapo.

Jikoni mambo haya hubadilishwa kila siku. Minyororo ya ute ina chaji hasi zinazosukumana na kuitanua. Chumvi huzifunika, limau huzizima, nayo minyororo hunywea na ute hupungua. Magadi huziamsha chaji, tena hulainisha majani ute ukatoka kwa wingi.

Ila tahadhari: haya ni ya ute mwepesi. Polima zikijaa mno, kiyeyushi kibaya huweza kuzigandisha pamoja, na badala ya kulegea, mchanganyiko ukawa mzito kama jeli.

Katakata bamia 2, ziloweke kwenye maji nusu saa, kisha gawa ute kwenye vikombe 2. Kimoja kamulia limau. Chovya uma katika kila kikombe, uinue polepole, uangalie uzi upi unatangulia kukatika.