Kuharamisha Imani: Maana Yake na Mipaka Yake

Kijana mmoja aliniuliza kwenye kijiwe cha kahawa, Magomeni: "Mzee, hivi siku serikali ikasema dini basi, ni marufuku, sisi tutafanyaje?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nilimjibu kwa mkato kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia, na tangu siku hiyo naona nilimpunja. Haya ndiyo niliyopaswa kumweleza.

Kuharamisha jambo, au kama wasemavyo maofisini, kulipiga marufuku, ni kulifanya kosa kisheria: ukilitenda unakamatwa, unashtakiwa, unaadhibiwa. Ugumu uko kwenye neno imani. Hapa mjini tukisema "hana imani yule" mara nyingi tuna maana hana huruma, na tukisema mtu ana imani tuna maana anamwamini Mungu. Maana zote mbili zinakaa moyoni. Wanazuoni nao hutufundisha kwamba mahala pa nia ni moyoni. Dini ni pana zaidi ya hapo. Ina mlango wa kuingilia, ina adhana au kengele, ina vitabu, viongozi, sadaka na siku yake katika juma, na siku hizi ina cheti kutoka kwa Msajili wa Jumuiya. Vyote hivyo askari anaweza kuvifikia. Dini inaweza kupigwa marufuku, na imepigwa mara nyingi. Imani yenyewe haikamatiki, ila inaweza kunyimwa chakula mpaka ikafa, na hilo la mwisho ndilo watu hulisahau wanapojiliwaza kwamba imani haifungwi jela.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Albania. Mwaka 1967, chini ya mtawala wa kikomunisti Enver Hoxha, misikiti, makanisa na zawiya, yaani nyumba za ibada za masufi, zaidi ya 2,000 zilifungwa. Kanisa kuu la Wakatoliki mjini Shkodër likawa ukumbi wa michezo. Katiba ya 1976 ikatamka kwamba dola haitambui dini yoyote, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imetoka amri ya kuwataka watu wenye majina yasiyofaa, yakiwemo ya kidini, wayabadilishe. Jaribu kuifikiria amri hiyo Dar es Salaam, ambako jina la jirani peke yake linakuambia utampelekea sahani ya pilau siku ya Idi au utangoja yake siku ya Krismasi.

Sheria ile haikuweza kuona ndani ya kifua cha mtu, kwa hiyo ilitafuta kipimo cha nje. Wakati wa Ramadhani na Kwaresima, vyakula ambavyo mfungaji asingevigusa viligawiwa shuleni na viwandani, na aliyekataa kula aliumbuliwa mbele ya wenzake. Mtoto wa shule alipewa kipande cha nyama, mwalimu akamtazama mdomo. Kila mara dola inapojaribu kuharamisha kisichoonekana, huishia hapo: inageuza chakula, jina, vazi na hata ukimya kuwa ushahidi.

Wapo walioshikilia. Padri Ernest Simoni alikamatwa mkesha wa Krismasi mwaka 1963, akakaa miaka 18 kifungoni na kwenye kazi ngumu, akawa anasoma misa kwa siri, kwa Kilatini, kwa kichwa. Mwaka 2016 Papa Fransisko alimfanya kardinali. Na Novemba 1990, mjini Shkodër, watu walijaa kwenye misa makaburini, na kabla ya mwezi huohuo kwisha Waislamu wakaswali Ijumaa hadharani. Ilikuwa imepita miaka 23.

Miaka 23 bibi anaweza kuivumilia. Ikiwa 250 je? Japani ilipiga marufuku Ukristo mwaka 1614. Washukiwa waliletewa sanamu ya Yesu au ya Maria waikanyage kwa mguu, aliyesita alijulikana. Mapadri waliuawa au kufukuzwa, na waumini wakabaki wenyewe vijijini karibu na Nagasaki, wakibatiza watoto wao kwa siri, baba akimrithisha mwana. Mwaka 1865 kikundi chao kilimwendea padri Mfaransa, Bernard Petitjean, kwenye kanisa jipya la Oura, kikamwambia kwa sauti ya chini kwamba imani yao ni moja na yake, na kuuliza sanamu ya Maria iko wapi. Nikiisoma habari hiyo, mimi Mwislamu, koo hukaza. Lakini haikuishia kwa furaha tupu. Sala za Kilatini na Kireno zilikuwa zimepita masikioni vizazi hadi vizazi bila kitabu, maneno yakabaki sauti tu. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1873, baadhi yao hawakujiunga na Kanisa. Kile walichokuwa wakikificha kilikuwa kimeshakuwa dini nyingine.

Waislamu wa Hispania walikuwa na hali ngumu zaidi. Baada ya Granada kuanguka mwaka 1492 walilazimishwa kubatizwa. Mwaka 1504 mwanachuoni mmoja aliyenasibishwa na Oran, mji wa Algeria ya leo, aliwaandikia fatwa: swalini hata kwa ishara, na mkilazimishwa kusujudia sanamu, nia yenu iwe kwa Mwenyezi Mungu. Msingi wake unajulikana, ni aya ya 106 ya Surat An-Nahl, inayomtoa lawamani aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia juu ya imani. Waliandika mafunzo yao kwa Kihispania, ila kwa herufi za Kiarabu, karibu na vile wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Nia ilibaki. Hata hivyo kati ya 1609 na 1614 waliondolewa nchini kwa mamia ya maelfu. Sheria ya namna hii haina haja ya kumgeuza bibi. Inamzuia asimfundishe mjukuu, kisha inasubiri afe.

Ndiyo maana, anaponiuliza mtu kama dini fulani imeharamishwa mahali, mimi huuliza kwanza habari za watoto. Je, mzazi anaruhusiwa kumfundisha mwanawe? Majengo yakivunjwa hujengwa tena. Moscow walilipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi mwaka 1931, mahali pake pakaja kuchimbwa bwawa la kuogelea, na mwaka 2000 kanisa lile lile lilizinduliwa upya. Mnyororo wa mafunzo ukikatika haujengwi kwa saruji.

Na waumini hufanyaje? Vitabu vyetu vyenyewe havitoi jibu moja. Danieli alisikia kwamba kuna amri ya siku 30 inayokataza kumwomba yeyote isipokuwa mfalme, akaenda chumbani kwake na kuomba mara tatu kwa siku kama kawaida, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Ammar bin Yasir aliteswa mpaka ulimi wake ukatamka kinyume na moyo, na Mtume akamfariji. Maswahaba wengine waliambiwa wahame, wakavuka bahari kwenda Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo. Sioni kwamba aliyefungua dirisha ni bora kuliko aliyehama na watoto wake. Jirani zetu wa Malawi waliyaona hayo juzi tu: Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967, wakapigwa na kuporwa kwa kukataa kununua kadi za chama tawala, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji, na marufuku haikuondolewa mpaka 1993.

Sasa kwetu. Katiba ya 1977 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na wa kubadilisha dini, kisha inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 30 nayo inaruhusu mipaka kwa ajili ya usalama na haki za wengine. Sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu ilikuwa ya 1967.

Lakini hatuna sababu ya kujiona tumeepukana kabisa na jambo hili. Mwaka 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa ya Vita vya Maji Maji, na mwaka 1928 Waingereza wakatunga Sheria ya Uchawi. Mpaka kati ya uchawi, uganga na tambiko ukawa mikononi mwa watu wasioujua. Ukikataa kuiita ibada ya mtu dini, unaweza kuizuia bila kusema umezuia dini. Mwaka 1968 serikali huru iliifuta EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa mwaka uleule; misikiti haikufungwa, ila jeraha la kufutiwa jumuiya linazungumzwa Kariakoo hadi leo. Juni 2025 kanisa moja kubwa hapa jijini lilifutiwa usajili kwa maelezo kwamba mahubiri yake yaliingia kwenye siasa. Kisheria hakuna imani iliyoharamishwa. Muumini aliyekuta mlango umefungwa siku ya ibada hasikii tofauti hiyo kwa urahisi, nami siwezi kumlaumu.

Njia iliyobaki kwetu, ambayo Danieli hakuwa nayo, ni mahakama. Mhubiri mmoja wa Kiislamu alitiwa hatiani mkoani Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu, chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu maneno ya kuumiza hisia za kidini. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 hatia ile ilifutwa. Kusema unachokiamini kinachopingana na anachokiamini jirani hakutoshi kuwa kosa, kwa sababu kifungu kinataka dhamira ya makusudi ya kuumiza. Kifungu hicho bado kipo, na bado kinamtaka mwendesha mashtaka athibitishe nia.