Kwa nini uyoga wa bandani huota shingo ndefu na kofia ndogo?

Je, wajua kwamba uyoga unapumua? Huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, usiku na mchana, na ukiufungia ndani utakuonyesha kwa umbo lake kwamba umekosa pumzi. Wanaolima uyoga wa mamama (oyster) Moshi mjini, kuanzia Pasua hadi Rau, wanaijua hali hii vizuri. Mfuko uliopandwa uyoga, ambao ungetoa kofia pana za sentimita 8 au 10 unatoa vishina virefu, vyembamba, vimebanana, na juu ya kila kimoja kofia iliyo ndogo kuliko kifungo cha shati. Ukiupeleka sokoni Mbuyuni hivyo, mteja anaugeuza mara mbili halafu anaurudisha mezani.

Lawama ya kwanza huenda kwa aliyeuza mbegu. Mbegu mbovu zipo, sikatai. Lakini mbegu mbovu mara nyingi hazioteshi chochote, au mfuko unashika ukungu wa kijani. Uyoga ulioota kwa wingi na kurefuka shingo unalalamikia kitu kingine, nacho ni dirisha.

Tukumbuke kwamba uyoga si mmea. Mgomba una ukijani wake, mchana unatumia hewa ukaa kujitengenezea chakula. Uyoga hauna uwezo huo. Unakula ulichoupa: majani makavu ya migomba, mabua ya mpunga kutoka Chekereni, pumba kidogo. Ule utando mweupe unaotanda mfukoni unavunjavunja chakula hicho, na katika kazi hiyo unatoa joto, maji na hewa ukaa. Sasa panga mifuko mia mbili au tatu kwenye chumba kimoja, ufunge mlango. Ni Hiace ya Marangu siku ya mvua, abiria wamejaa na madirisha yote yamepandishwa.

Porini, uyoga huu huota kwenye magogo yaliyokufa. Kofia ndiyo inayomwaga vijimbegu ili upepo uvichukue, kwa hiyo kufunguka mahali pasipo upepo ni kazi bure. Hewa ukaa ikiwa nyingi, kwa uyoga hiyo ni dalili kwamba bado umejificha ndani ya tundu au chini ya takataka. Basi unaahirisha kofia na kurefusha shina, unatafuta nje iko wapi. Bandani hakuna nje ya kuifikia, unaendelea kurefuka tu.

Hewa ya kawaida ina hewa ukaa sehemu 420 hivi katika kila sehemu milioni. Kwa mamama, ni vizuri chumba cha kuchipua kisizidi sehemu 1,000. Kikizidi sana, shina linaanza kuishinda kofia. Ila utando ukiwa bado unatanda, ndani ya chumba cha giza, unavumilia hata sehemu 10,000 na zaidi bila shida yoyote. Mfuko ni uleule, lakini mahitaji ya wakati wa kutanda ni kinyume cha mahitaji ya kuchipua. Wanaotumia chumba kimoja kwa kazi zote mbili ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wanakifunga kwa faida ya mifuko michanga huku mifuko mikubwa ikikosa pumzi. (Giza nalo hurefusha shingo. Chumba cha kuchipua kiwe na mwanga unaotosha kusomea gazeti. Jua la moja kwa moja halihitajiki.)

Sasa hewa itaingiaje? Nimesikia mara nyingi kwamba hewa ukaa ni nzito, kwa hiyo toboa matundu chini, itatoka yenyewe. Ni nusu ya ukweli. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, lakini bandani inatoka mfukoni ikiwa imechanganyika na joto na mvuke, na haitulii sakafuni kama maji kwenye beseni. Inahitaji kusukumwa. Msukumo wa bure ni joto lenyewe: hewa yenye joto hupanda. Weka matundu ya kuingizia hewa upande wenye baridi, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, na ya kutolea juu kabisa chini ya bati, ukuta wa pili. Hewa baridi itaingia chini, itapita kati ya mifuko, itapata joto na kutokea juu. Ukiweka matundu yote juu, hewa itapita darini na mifuko ya chini haitajua kama kuna kilichopita.

Moshi ina bahati moja. Mchana upepo hupanda kutoka tambarare kuelekea mlimani, usiku hushuka kutoka mlimani. Banda lenye matundu upande wa mlima na upande wa tambarare linapata upepo zamu zote mbili. Na zamu ya usiku ndiyo tunayoiua kwa mikono yetu. Saa kumi na mbili jioni mtu anafunga kila kitu, anaogopa baridi na wezi, anafungua saa moja asubuhi. Uyoga umepumua saa kumi na tatu ndani ya hewa ileile. Dhidi ya wezi weka nondo. Dhidi ya baridi, kwa Moshi mjini, usihangaike. Hata ule ubaridi wa Juni na Julai mamama anaupenda. Huko juu Kibosho au Marangu punguza matundu, usiyazibe.

Kila tundu liwe na wavu, maana vinzi vidogo vyeusi hufuata harufu ya utando na kutaga humo. Chandarua cha kawaida kina matundu makubwa kwao, kikunje mara mbili. Lakini wavu unapunguza hewa, kwa hiyo tengeneza tundu kubwa kuliko ulivyopanga mwanzo.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Vichwa vya uyoga vinavyoanza kuchomoza vinataka unyevunyevu wa asilimia 85 hadi 95, na kila ukifungua unautoa nje. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, banda lililoachwa wazi linakausha vichwa ndani ya siku moja. Vinageuka kahawia na kuacha kukua. Dawa yake ni kulowesha hewa inapoingia. Ning'iniza magunia mabichi mbele ya matundu ya chini, uyamwagie maji kila yanapoanza kukauka. Sakafu iwe ya mchanga, au tandaza mkaa, umwagie maji humo. Nyunyizia kuta na sakafu, siyo kofia. Maji yakibaki juu ya kofia kwa saa nyingi, bakteria huiwekea madoa ya kahawia yanayoteleza, na upepo mwepesi ndio unaoyakausha kabla hayajaleta madhara. Wakati wa masika mambo yanageuka: unyevu upo tele, shida ni hewa iliyosimama, na magunia unayaondoa.

Feni inahitajika? Piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, kina mita za ujazo 30. Kubadilisha hewa yote mara 5 kwa saa ni mita za ujazo 150, kazi ambayo feni ya kutolea hewa ya bafuni, ya inchi 6, inaiweza. Ifunge juu ikivuta kwenda nje. Feni ya mezani inayopulizia mifuko inazungusha hewa chafu ileile na kukausha vichwa, afadhali uiache sebuleni. Kwa banda la matete lenye matundu mazuri, mimi nisingenunua feni kabla ya kulijaribu kwa moshi wa udi.

Kujaribu ni rahisi. Washa kijiti cha udi, kishike mbele ya tundu la chini. Moshi ukivutwa ndani, hewa inaingia. Kipeleke katikati ya mifuko, kimo cha kiuno, utazame: ukipanda polepole ukielekea matundu ya juu, umefaulu, ukining'inia palepale, hapo ndipo shingo ndefu zitakapoota. Rudia usiku. Ukirekebisha, usitegemee vishina vilivyokwisha kurefuka vitafupika. Vichume, subiri mchumo unaofuata.

Na uchume kofia kabla kingo zake hazijapinda kwenda juu, maana zikishapinda humwaga vijimbegu kwa mamilioni, vumbi jeupe unaloliona juu ya mifuko ya chini. Vumbi hilo likivutwa siku hadi siku huleta kikohozi na homa, na wapo wafanyakazi wa mashamba ya uyoga ambao mapafu yao yameharibika kwa sababu yake. Fungua mlango dakika kadhaa kabla ya kuingia kuchuma, na uvae barakoa.