Je, wajua kwa nini televisheni hukata kingo za picha inayotoka kwenye kompyuta?

Majuzi nilikuwa Tanga kwa shangazi yangu. Sebuleni mwake kuna televisheni bapa ya inchi 43, imetundikwa ukutani, na siku hiyo binamu yangu alikuja na video ya harusi yake ndani ya kompyuta mpakato. Mkeka umetandikwa, watoto wamekaa mbele, kahawa inazunguka. Tukachomeka waya wa HDMI, tukachagua tundu lake kwa rimoti, picha ikaja. Shangazi akaitazama kwa makini, kisha akaniita.

"Mwanangu, mbona majina ya maharusi yamekatwa miguu? Kwenye kompyuta nimeyaona mazima."

Alisema kweli. Aliyehariri video aliyaweka majina karibu kabisa na ukingo wa chini. Kwenye kompyuta yalisomeka vizuri, lakini kwenye televisheni herufi zilibaki vichwa tu. Tulipotoka kwenye video, ule utepe wa chini wenye saa na alama za programu ulikuwa umezama karibu wote. Na sauti, licha ya waya kuchomekwa, bado ilitoka kwenye vispika vidogo vya kompyuta, wa nyuma hawasikii kitu.

Wengi wakifika hapo huulaumu waya, wakaenda dukani kununua mwingine. Waya hauna kosa. Televisheni inakata picha kwa makusudi, na sababu yake ni chombo ambacho nyumba nyingi zilishakitoa sebuleni zamani: TV ya chogo.

Lile chogo halikuwa pambo. Ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyonyonywa hewa. Kwenye shingo ya chupa, kwa nyuma, kulikuwa na kifaa kinachorusha mwali wa elektroni kuelekea kioo cha mbele, na koili za sumaku zikiuvuta mwali huo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini. Katika mfumo wa matangazo ya televisheni uitwao PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania na Kenya, picha moja ilikuwa na mistari 625, na picha kamili 25 zilichorwa kila sekunde.

Ukubwa wa picha ulitegemea nguvu ya koili hizo, na nguvu ya koili ilitegemea umeme. Waliokulia na TV hizo wanakumbuka saa moja jioni ilivyokuwa: mtaa mzima umewasha pasi na majiko, umeme unakuwa mdogo, na picha inanywea hadi pembeni panaonekana weusi. Ndiyo maana nyumba nyingi zilikuwa na stabilaiza. Hata umeme ukiwa mzuri, vipuri vya ndani vilichoka kwa joto na umri, picha ikahama kidogo upande mmoja, na fundi akifungua kifuniko cha nyuma akazungusha viskrubu vidogo mpaka ikarudi katikati.

Watengenezaji walilijua hilo tangu mwanzo. Hawangeweza kuhakikisha kwamba TV mbili zilizotoka kiwanda kimoja zingechora picha yenye ukubwa uleule baada ya miaka mitano. Kwa hiyo wakaichora picha kubwa kuliko kioo. Kingo zikaangukia nyuma ya fremu ya plastiki, mahali asipoona mtu, na picha ikinywea kidogo bado inakifunika kioo chote. Kulikuwa na faida ya pili: kingo zenyewe hazikuwa safi. Mistari ya juu kabisa ya mawimbi ilibeba taarifa ambazo si picha, na zikiachwa zionekane hutokea kama vijistari vyeupe vinavyochezacheza juu ya kioo. Afadhali zifichwe.

Waandaaji wa vipindi nao walizoea. Kanuni yao ya miaka mingi ilikuwa kwamba tendo muhimu libaki ndani ya asilimia 90 ya picha, na maandishi yasitoke nje ya asilimia 80. Kilichokatwa kilikuwa kimeandaliwa kikatwe. Mtazamaji hakupoteza kitu, na ndiyo maana hata Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, au Tanzania Bara iliyosubiri hadi 1994, sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba kingo zimeliwa.

Kompyuta ilipita njia nyingine kabisa. Kwenye kompyuta ukingo ndio penye kazi: saa iko pembeni, alama ya kufunga dirisha iko pembeni, menyu ziko pembeni. Ukikata hapo umemkata mtumiaji mikono. Kwa hiyo vioo vya kompyuta vya zamani, ingawa navyo vilikuwa vya chogo, vilifanya kinyume: viliacha ufito mweusi kuizunguka picha ili isipotee hata nukta moja.

Basi hawa wawili, televisheni na kompyuta, walikua katika nyumba mbili zenye adabu tofauti, na waya wa HDMI unawaketisha meza moja.

Swali la haki ni hili: televisheni bapa haina mwali wala koili, kwa nini bado inakata? Kioo chake kina nukta zilizopangwa kama vigae, kwa mfano 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, na hakuna umeme mdogo unaoweza kuzinywesha. Lakini TV bapa zilipoingia sokoni, vituo vilikuwa bado vinarusha picha zenye kingo chafu, na matangazo ya analojia yaliendelea kwa miaka. Dar es Salaam yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Mtengenezaji aliyeuza TV bapa ilibidi aifundishe tabia ya mzee wake, ila safari hii kwa programu badala ya fremu: pokea picha, ivute iwe kubwa kidogo, kata kinachozidi. Vituo vikahamia kwenye ving'amuzi, kingo zikawa safi, na tabia ikabaki. Televisheni nyingi hutoka dukani zikiwa nayo.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo jambo linapoonekana kwa macho. Chukua televisheni inayokata asilimia 5 ya upana na asilimia 5 ya urefu. Kwa upana zinapotea nukta 96, yaani 48 kila upande. Kwa urefu zinapotea 54, yaani 27 juu na 27 chini. Utepe wa chini wa Windows 10, kwa kipimo chake cha kawaida, una unene wa nukta 40. Toa 27. Unabaki na 13, kijiukanda ambacho huwezi kusoma saa yake. Kwenye TV ya inchi 43 kama ya shangazi, upande wa kulia na wa kushoto umeliwa karibu sentimita 2.4 kila mmoja.

Kuna hasara nyingine ambayo watu huiona bila kujua imetoka wapi: maandishi yanakuwa na ukungu. Nukta 1824 zilizosalia zinavutwa zijaze nafasi 1920, yaani kila nukta 19 zinagawana nafasi 20. Weka watu 19 kwenye viti 20 uwaambie wasiache pengo lolote. Karibu kila mmoja atakaa kwenye maungio, nusu kiti hiki, nusu kile. Herufi nyembamba iliyokuwa na weusi wa nukta moja inageuka kijivu cha nukta mbili. Kwenye sura ya mtu huwezi kugundua, lakini ukijaribu kusoma jina la faili utapepesa macho.

Dawa yake iko kwenye rimoti, na haigharimu kitu. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya televisheni, utafute mahali pa ukubwa wa picha. Kila kampuni imepaita kwa jina lake: LG wameandika "Just Scan", Samsung wana "Screen Fit" au "Fit to Screen", Sony wana "Full Pixel", na nyingine zina "Overscan" ya kuwasha na kuzima. Yote yanamaanisha jambo moja: onyesha nukta kama zilivyokuja, usivute. Kwenye baadhi ya televisheni ukilibadilisha jina la tundu la HDMI likawa "PC", yenyewe inaelewa kwamba mgeni ni kompyuta na inaacha kukata.

Anza na televisheni kabla ya kugusa kompyuta. Kuna mipangilio ya kompyuta inayoweza kuipunguza picha ili ienee ndani ya kioo, na watu wengi hukimbilia huko. Picha itaenea, lakini sasa imefinywa na kompyuta kisha ikavutwa na televisheni, na ukungu unakuwa wa mara mbili. Kinyume chake pia hutokea: ukiona ufito mweusi umeizunguka picha pande zote nne, mara nyingi ni kompyuta iliyotangulia kuifinya kwa kudhani televisheni itakata. Hapo ndipo penye haki ya kurekebisha upande wa kompyuta, kwenye programu ya kadi yake ya picha.

Tukarudi kwenye sauti, na hapa TV ya chogo inatokea tena, mahali ambapo mimi sikuitegemea nilipojifunza mara ya kwanza.

Ule mwali ukifika mwisho wa mstari ilibidi urudi kushoto kuanza mstari mwingine, na ukifika chini ilibidi upande juu. Wakati wa kurudi ulizimwa usichafue picha. Kwa hiyo ndani ya mawimbi ya televisheni kuliachwa mapengo, muda mtupu wa kuusubiri mwali. Mwali ulishatoweka, mapengo yapo. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 inaposafiri kwenye waya wa HDMI mara 60 kwa sekunde, kila mstari hupewa nafasi 2200, na mistari yenyewe huwa 1125. Nafasi 280 za kila mstari na mistari 45 ya kila picha hazionekani kamwe. Waliobuni HDMI, waliotoa toleo lao la kwanza Desemba 2002, waliyatazama mapengo hayo wakaipakia sauti humo. Takbira, vigelegele na ngoma ya harusi ile vyote vilipita kwenye muda uliotengwa kwa ajili ya mwali usiokuwepo tena.

Ndiyo maana waya wa zamani wa picha uitwao VGA, wa mwaka 1987, hauleti sauti kwenye televisheni, na mwenzake DVI wa 1999 kwa kawaida naye haileti, hata ukiweka kichwa cha kuigeuza iwe HDMI. Kwa kompyuta za zamani zenye matundu hayo, sauti inahitaji waya wake, ule mwembamba unaochomekwa kwenye tundu la visikilizi.

Lakini ya kwetu ilikuwa HDMI, njia ya sauti ipo. Ilikuwa haijaambiwa ipite. Ukichomeka waya, kabla picha haijatoka, televisheni hujitambulisha kwa kompyuta: inataja jina lake, ukubwa wa picha inaoweza kuupokea, na kama ina vispika. Kompyuta inaliandika jina hilo kwenye orodha ya vifaa vya sauti, ila wakati mwingine inaendelea kutumia vispika vyake hadi uielekeze. Bonyeza alama ya kispika karibu na saa, fungua orodha, chagua jina la televisheni. Basi. Kwa binamu yangu ilichukua sekunde tano, baada ya sisi kuuona tena utepe wenye hiyo alama.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wenye video zilizopigwa huku kwetu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, PAL ikafuata hesabu hiyo, na wapiga video wengi wa harusi bado hurekodi picha 25 kwa sekunde. Kompyuta nayo hupeleka picha 60 kwa sekunde. Gawa 60 kwa 25 upate 2.4, na picha haiwezi kuonyeshwa mara mbili na nukta nne. Kwa hiyo nyingine zinaonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, na kamera inapotembea taratibu ukumbini picha inapata kigugumizi. Kwenye mipangilio ya kioo ya kompyuta, sehemu ya kina, chagua 50 badala ya 60. Kila picha itaonyeshwa mara mbili kamili. Televisheni zinazouzwa kwetu kwa kawaida huipokea bila tatizo, na tofauti unaiona papo hapo kamera ikipita juu ya meza za wageni.

Tulifanya yote matatu pale Tanga, kahawa ikiwa bado ya moto. Majina yakasimama kwa miguu yake. Sauti ikajaa sebule, watoto wakaanza kuimba. Kamera ilipozunguka chumba cha bibi harusi, ukingoni kabisa kushoto ukatokea mkono wenye hina umeshika chetezo, ambao tulipoanza haukuwepo.

"Simamisha hapo," shangazi akasema. "Huo ni wangu."