Mke anapomuua mume aliyekuwa akimpiga: mahakama hutazama nini

Mwanamke aliyepigwa kwa miaka akija kumuua mumewe, majirani huuliza alivumilia vipi. Mahakama huuliza jingine: wakati ule wa tukio, nani alikuwa akishambulia?

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza kumwadhibu mwenzi kwa kipigo, hata mila ikiruhusu. Sheria ya Kanuni za Adhabu nayo inatoa haki ya kujihami, ambayo hufika hata kuua iwapo mtu ana sababu ya msingi ya kuhofu kuuawa, kujeruhiwa vibaya au kubakwa. Sharti ni nguvu ya kadiri. Mume kainua panga, mke akamwahi kwa mchi: huo ni utetezi. Ameshaanguka na panga limemtoka, mke akaendelea kumpiga mpaka akafa: hapo nguvu imezidi, na kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Pagumu zaidi ni kwa aliyengoja mume alale. Hubaki utetezi wa kughadhibishwa, lakini sheria inataka ghadhabu ya ghafla, hasira ikiwa haijapoa. Kwa maoni yetu kanuni hii inamfaa zaidi aliyefumania kuliko anayepigwa kila wiki, maana hofu ya huyu haipoi, inalimbikizwa. Ila ndiyo sheria iliyopo. Akitiwa hatiani kwa mauaji, hukumu ni kunyongwa, au kifungo cha maisha akiwa mjamzito. Na kesi ya mauaji haina dhamana.

Vipigo vya nyuma humsaidia vikiwa na kumbukumbu. Kila tukio liripotiwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, achukue namba ya RB (ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni) na fomu ya PF3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari). Daktari aandike jeraha liko wapi, ukubwa wake, ni la lini na kifaa kinachodhaniwa kutumika. "Ana maumivu" peke yake haithibitishi kitu. Apige picha PF3 kabla ya kuirudisha polisi. Wengi hufuta malalamiko baada ya kikao cha wazee. Hata hivyo RB itunzwe, kwani inabeba tarehe.

Kifo kikishatokea, asifue nguo wala kuhamisha silaha. Polisi watamwandikisha maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa aliyeonywa kuwa yanaweza kutumika kama ushahidi: ana haki ya kukaa kimya, na ya kuwa na wakili au ndugu. Akisema "nilichoka" akaishia hapo, upande wa mashtaka utayasoma kama nia ya kuua. Majeraha yake mwenyewe yapimwe siku hiyohiyo, kwa PF3 yake. Asiyeweza kumlipa wakili hupewa na serikali, ila mara nyingi wakili huyo hufika maelezo yakiwa yameshasainiwa. Kwa hiyo ndugu wasingoje kesi ipangwe: wamtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa afike kituoni siku ya kwanza.