Je, wajua mkojo hufichuaje saratani ya tezi dume?

Seli za tezi dume hubanduka na kutoka na mkojo. Zikiwamo za saratani, huja na PCA3, molekuli iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Ni RNA ndefu, yaani yenye zaidi ya nyukleotidi (vijenzi vyake vidogo) 200, iliyonakiliwa kutoka kwenye DNA lakini haitengenezi protini yoyote. Ubora wake ni kwamba haipatikani ovyo mwilini: hukaa kwenye tezi dume, na seli ikigeuka saratani huongezeka kwa makumi ya mara. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kwa upande wake, hupanda hata tezi inapovimba au kutanuka tu kwa uzee.

Sampuli haichukuliwi hivi hivi. Daktari huingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa na kuibonyeza tezi, mara tatu kila upande, kisha mgonjwa hutoa mkojo wa mwanzo, mililita 20 hadi 30. Hatua hiyo ikirukwa, seli huwa haba mno. Ndani ya saa 4, mililita 2.5 huhamishiwa kwenye kichupa chenye dawa inayopasua seli na kuilinda RNA. Ikicheleweshwa, vimeng'enya huila.

Maabara haihesabu PCA3 peke yake. Huigawa kwa RNA ya PSA, ile inayotumika kutengeneza protini hiyo, ambayo hapa ni ushahidi kwamba seli za tezi zimo, kisha huzidisha kwa 1,000. Nakala 3,000 za PCA3 kwa 100,000 za PSA hutoa alama 30. RNA ya PSA ikiwa kidogo mno, sampuli hukataliwa. Marekani ilikiidhinisha kipimo hiki mwaka 2012 kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi ambao biopsi ya awali, yaani kukata vipande vidogo vya tezi na kuvichunguza, haikuona saratani. Alama chini ya 25 hupunguza uwezekano wa biopsi nyingine kuikuta. Kipimo hiki hakithibitishi ugonjwa, wala si hodari wa kutenga saratani kali na ya pole.

Kutabiri mwenendo wa ugonjwa ni kazi nyingine. HOTAIR, RNA nyingine ndefu isiyotengeneza protini, ikizidi kwenye uvimbe wa saratani ya matiti, ilihusishwa mwaka 2010 na kusambaa na vifo. Ila huzidi pia katika saratani nyingine nyingi, kwa hiyo ukiikuta kwenye damu haikuambii chanzo ni kiungo gani. Damu yenyewe ni sumbufu: chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuichota, RNA zake humwagika na kuvuruga hesabu.